Zaidi ya Goliathi: visa kumi vya Daudi kwa watoto wa Mara

Muulize mtoto wa Shule ya Jumapili pale Musoma mjini Mfalme Daudi ni nani, atakujibu kabla hujamaliza swali: aliyempiga Goliathi kwa jiwe. Muulize akafanya nini tena. Hapo ataangalia dari, halafu atajaribu: "Aliimba?" Mfalme aliyetawala miaka kama 40, saba na nusu Hebroni na 33 Yerusalemu, amebakiziwa jiwe moja na wimbo mmoja. Daudi ameonewa, na mtoto ameonewa zaidi, kwa sababu atakua akidhani mtu wa Mungu ni yule anayeshinda tu.

Mahali pa kusimulia pasiwe kisingizio. Wamennonite walianza kazi Shirati mwaka 1934, na Wakatoliki wa Nyegina na Wasabato wa Majita walikuwa wametangulia tangu enzi za Mjerumani. Kila Jumamosi na kila Jumapili, kuanzia Bunda hadi Butiama, yuko mtu mzima amesimama chini ya mwembe au mbele ya mabenchi, watoto wamemkodolea macho. Naandika kwa ajili yake. Tunaanza na kisa cha kumi na kupanda hadi cha kwanza. Lile jitu la Wafilisti msilitafute kileleni, halipo.

10. Mfalme mtarajiwa anadondosha mate

Daudi anamkimbia Mfalme Sauli, anayetaka kumuua, anaingia Gathi. Gathi ni kwa nani? Kwa akina Goliathi! Wenyeji wanamtambua, anashikwa na hofu, anajifanya mwehu: anakwaruza milango, anaacha mate yachuruzike ndevuni. Mfalme Akishi anafoka, kwani yeye amepungukiwa wehu hata aletewe mwingine? Watoto watacheka mpaka walale chini. Waache. Wakishatulia, waambie kwamba huyu ni yuleyule shujaa wa jiwe, na siku hiyo aliogopa. Kuna mtoto pale mbele yako anayeogopa usiku na hajamwambia mtu.

Nimekiweka cha kumi kwa sababu moja tu. Kila soko lina mgonjwa wa akili anayezomewa na watoto, na igizo hili lisipoangaliwa litawapa mazoezi.

9. Kitandani kumelala kinyago

Askari wa Sauli wamezingira nyumba ya Daudi. Mikali, binti ya mfalme, anamshusha mumewe dirishani, kisha analaza kinyago kitandani, anakiwekea singa za mbuzi kichwani na kukifunika nguo. "Mgonjwa," anawaambia askari. Dakika tano zinatosha kwa kisa hiki, na mabinti wa darasani wapewe wao wakiigize. Daudi hakuokolewa na upanga usiku huo. Aliokolewa na mke mwenye akili ya haraka, na dirisha.

8. Sherehe nyumbani, mwenye sherehe machungani

Nabii Samweli amefika kwa mzee Yese, baba yake Daudi, kumpaka mafuta mfalme mpya. Wanapita vijana saba, warefu, wamejipanga. Hapana, hapana, mara saba hapana. "Vijana wako ndio hawa tu?" Yuko mdogo mmoja, baba anasema, lakini anachunga.

Simama hapo. Usiharakie mafuta. Butiama na Bunda mtoto huyo anajulikana kwa sura: mgeni mkubwa akija, wengine wameoga na kuvaa, yeye yuko na ng'ombe, na hakuna aliyewaza kumwita. Si wavulana peke yao. Yuko pia binti ambaye wageni wamekula, wamesifia chakula, wameondoka, na hawakuona uso wake, maana muda wote alikuwa jikoni.

Samweli anasema hawataketi kula hadi huyo mdogo aje. Wazia mji wa mzee wa Kizanaki: chakula kimeiva, mgeni wa heshima amekataa kukaa, kaka saba wanameza mate, wote wanamsubiri mchungaji apande kutoka bondeni na vumbi lake la miguuni. Mwalimu akilisimulia hili taratibu, kuna mtoto ataketi wima bila kuambiwa.

7. Haya, Goliathi

Nasikia walimu wenzangu wananung'unika. Nambari saba! Sikilizeni basi. Kisa ni kizuri, tatizo ni jinsi tulivyokichosha. Tunakisimulia kwa haraka, tunalia "puu!", jitu linaanguka, tunaimba, tunagawa biskuti.

Tukipe uzito wake. Maandiko ya Kiebrania yanampa Goliathi mikono sita na shubiri, karibu mita tatu. Tafsiri ya kale ya Kigiriki na gombo moja lililopatikana mapangoni Qumran vinampa mikono minne na shubiri, karibu mita mbili. Waambie watoto wapime yote mawili ukutani kwa mikono yao wenyewe, kiwiko hadi ncha ya kidole, kisha wabishane. Hata yule mfupi ni wa kuogopwa. Dirii yake ilikuwa shekeli 5,000 za shaba, karibu kilo 57. Mfuko wa saruji ni kilo 50: Goliathi aliuvaa, akaongeza, akatembea.

Kisha silaha. Watoto wa Musoma wakichora kisa hiki wanampa Daudi manati, na siwalaumu, manati ndiyo wanayoijua. Kombeo la Daudi halikuwa na mpira wala panda la mti. Lilikuwa kamba mbili na kikalio cha jiwe katikati. Unalizungusha, unaachia ncha moja, jiwe linatoka na nguvu yote ya mzunguko. Jeshini ilikuwa silaha kamili, tena Waamuzi 20 inataja watu 700 wa mashoto waliopiga shabaha bila kukosa hata unywele. Kwa hiyo Daudi hakubahatisha. Alikuwa na miaka ya mazoezi machungani, huko alikopambana na simba na dubu. Simba mtoto wa Bunda hahitaji kuelezwa, Serengeti iko mlangoni. Dubu utamchora mwenyewe.

Na kabla ya hapo alikuwa ametumwa na baba yake kupeleka bisi na mikate kwa kaka zake, na jibini kumi kwa mkuu wa kikosi. Alikwenda vitani kupeleka chakula! Wembamba wa reli, treni inapita.

6. Wimbo kwa mtu mwenye mkuki

Vitabu vya picha kutoka Ulaya vinampa Daudi kinubi kikubwa cha dhahabu, kimepinda kwa madaha. Vifungeni. Chombo chake kilikuwa cha nyuzi zilizovutwa kutoka kwenye kisanduku hadi mti wa juu ulioshikwa na mikono miwili, na chombo cha namna hiyo kiko mkoani Mara hadi leo. Wakurya wa Tarime wana litungu. Wajaluo wa Rorya wana nyatiti ya nyuzi nane. Mwalimu akimleta mzee mmoja apige mbele ya watoto, nusu ya somo imekwisha na hakuna aliyesinzia.

Na ukipata mpigaji, mpe na mashairi. Kiswahili kina utenzi, na aliyetuonyesha kwamba Biblia inakaa vizuri ndani ya utenzi ni mtoto wa Butiama: Mwalimu Nyerere alizitunga Enjili na Matendo ya Mitume kwa utenzi, na vitabu vikatoka mwaka 1996. Daudi, mtunzi mwenyewe, bado anasubiri mwalimu wa watoto wa kumfanyia beti ishirini.

Sasa kisa. Sauli ana siku zake za giza, hasemi, hataki mtu. Daudi anapiga, mfalme anatulia. Kila mtoto anamjua mtu mzima wa namna hiyo nyumbani au kwa jirani. Siku nyingine wimbo hausaidii, na mkuki unarushwa. Daudi anakwepa mara mbili. Mkuki unaporushwa tena na kugota ukutani, usiku uleule anaondoka. Ndio usiku wa dirisha la Mikali. Walimu, msiliruke hili. Tunawafundisha watoto heshima kwa wakubwa asubuhi na jioni, na ni sawa. Lakini Daudi alimheshimu Sauli hadi kifo chake, na bado alikimbia. Mtoto anayepigwa kupita kiasi anastahili kujua kwamba mtu aliyependwa na Mungu aliwahi kutoroka kipigo na hakuhesabiwa kosa.

5. Kisu kilifika, kikaishia kwenye pindo

Hapa Musoma haihitaji picha. Majabali yametapakaa mjini kote, mlima Mukendo unawatazama, na pimbi, wale wa Zaburi ya 104, wanaota jua juu ya mawe. Waonyeshe watoto ufa kati ya majabali mawili, waambie Daudi na watu wake wamejificha ndani, na Sauli anakuja na wanajeshi 3,000.

Sauli anaingia pangoni peke yake. Kufanya nini? Kujisaidia. Semeni tu, Biblia imesema! Vicheko vikiisha, endelea: watu wa Daudi wanamnong'oneza kwamba siku yake imefika. Daudi anatambaa na kisu, anakata pindo la vazi, anarudi. Na hata kwa pindo lile moyo unamsuta.

Katika mkoa ambao kisasi cha ukoo kwa ukoo kimewahi kuzika vijana wengi, sijui kisa kingine cha watoto chenye kazi kubwa kama hiki. Waulize wangefanyaje. Usiwasahihishe haraka, wengi watasema wangemmaliza, na wana sababu zao. Wasikilize hadi mwisho, kisha wasimulie jinsi Sauli alivyosimama kwenye jua na kulia, akamwita Daudi mwanangu.

4. Ndoo moja, roho tatu

Hiki hakisimuliwi kabisa, na ninakipenda kupita kiasi. Daudi yuko ngomeni, Bethlehemu imeshikwa na Wafilisti, kuna joto. Anatamka tu tamaa yake: laiti ningepata maji ya kile kisima cha langoni kwetu. Mashujaa watatu wanasikia, wanapenya kambi ya adui, wanateka, wanarudi nayo. Daudi anayapokea. Anayamwaga chini, mbele za Mungu.

Mtoto wa Mugango au Majita, ambaye ziwa kubwa kuliko yote Afrika liko pale chini na bado maji yanapanda mlima kwa ndoo kichwani, ataruka: "Kayamwaga?!" Usimwambie anyamaze, amekielewa kisa kuliko wafafanuzi wengi. Anajua maji yana uzito, na anajua aliyeyabeba ni nani. Daudi naye alijua, ndiyo maana hakuweza kuyanywa: watu watatu walikuwa wamehatarisha maisha kwa ajili ya kiu ya bwana mkubwa aliyekuwa akiwaza kwa sauti. Mzazi anayeagizaagiza akiwa amekaa kivulini akisikilize na yeye.

3. Mfalme analia langoni

Absalomu, kijana mzuri, nywele ambazo zikinyolewa zinapimwa kwa shekeli 200, anampindua baba yake. Vita vinapiganwa, kichwa chake kinanasa kwenye matawi ya mwaloni, nyumbu wake anampita, anauawa. Watoto watataka kukaa kwenye zile nywele. Sawa, dakika mbili.

Kisha wapelekeni chumba cha juu ya lango. Jeshi limeshinda, na baba analia kwa jina la mwanawe, anatamani angekufa yeye. Hapa sina utani. Baba wengi wa kwetu walifundishwa kwamba mwanamume halii, na watoto wao wanafundishwa vilevile sasa hivi. Wasikie mara moja, tena kanisani, kwamba muuaji wa Goliathi alilia hadi jeshi likasikia.

2. Kiti cha Mefiboshethi

Jina refu, walimu wanalikimbia. Likateni vipande: Me-fi-bo-she-thi. Watoto watalishika kabla yenu.

Alikuwa na miaka mitano habari zilipokuja kwamba baba yake Yonathani na babu yake Sauli wamekufa vitani. Yaya akambeba mbio, mtoto akaanguka, miguu yote miwili ikalemaa. Akakulia Lo-debari, mbali, nyumbani kwa watu. Miaka inapita, Daudi ni mfalme, na siku moja anauliza kama amebaki yeyote wa nyumba ya Sauli. Kwa wafalme wa zamani swali hilo lilikuwa na maana moja: ukoo uliotangulia ulifutwa usije ukadai kiti. Mefiboshethi anapoitwa anaanguka kifudifudi. Mwalimu, tulia hapo sekunde kadhaa, watoto wajue anategemea nini.

Daudi anamrudishia mashamba yote ya babu yake na kumpa nafasi mezani pake, siku zote, pamoja na wana wa mfalme. Alikuwa ameahidiana na rafiki yake Yonathani kuutendea wema ukoo wake, na Yonathani alikuwa kaburini. Hakuna ambaye angemdai.

Mtazame mtoto asiyeweza kutembea katika kijiji chako. Yuko darasani kwako Jumapili? Au amebaki nyumbani kwa kuwa njia ni mbaya na hakuna wa kumbeba? Kisa kinapoisha, Biblia inatukumbusha kwamba Mefiboshethi alikula mezani pa mfalme na kwamba miguu yake yote miwili ilikuwa na ulemavu. Miguu haikuponywa. Kilichobadilika ni meza. Kwa hiyo kabla ya kukisimulia, tumeni watoto wanne wakubwa na baiskeli wakamlete mwenzao, kwa sababu kumsimulia Mefiboshethi mbele ya kiti chake kitupu ni aibu.

1. Mwanakondoo wa jirani

Ndiyo, kile tunachokificha. Daudi alimchukua Bathsheba, mke wa mtu. Mtu huyo, Uria, alikuwa askari wake mwaminifu aliyekuwa vitani. Daudi akaandika barua kwamba Uria awekwe mahali pakali pa vita na kuachwa afe, na aliyeibeba barua ni Uria mwenyewe. Watoto wa miaka minane wanaweza kuambiwa hivyo hasa, kwa maneno hayo machache, bila kuongeza wala kupaka sukari. Hawa wanasikia habari mbaya kuliko hizi dukani.

Kisha mwache nabii Nathani, aliyetumwa kwa Daudi, asimulie, maana yeye ndiye mwalimu bora wa visa katika Biblia nzima kabla ya Yesu. Watu wawili mji mmoja. Tajiri ana kondoo na ng'ombe wengi. Maskini ana mwanakondoo mmoja jike, anakula chakula chake, anakunywa kikombe chake, analala kifuani pake. Tajiri anafikiwa na mgeni. Anaangalia zizi lake, analionea huruma. Anachukua yule wa maskini.

Mara ni mkoa ambao wizi wa mifugo umewahi kumwaga damu. Hutahitaji kueleza chochote. Ukiweza, kisimulie kwa lugha ya nyumbani, maana mifugo ina maneno yake, na mtoto wa miaka mitano wa Majita anaota kwa Kijita. Hapo Musoma wapo wafasiri wanaotafsiri Biblia kwa lugha kadhaa za mkoa, zikiwemo Kijita, Kikwaya, Kizanaki na Kiikizu, na wanajua ninachosema. Waulize watoto tajiri afanywe nini. Jiandae kwa kelele. Daudi naye alifoka: alipe mara nne, tena anastahili kufa! Ndipo Nathani akamwambia mfalme kwamba mtu huyo ni yeye.

Naomba mlione jambo moja ambalo mahubiri mengi yameliharibu. Katika kisa cha Nathani mwanakondoo hana kosa. Hakuna neno kwamba alijipitishapitisha karibu na zizi la tajiri. Kwa hiyo mwalimu anayemlaumu Bathsheba kwa kuwa Daudi alimwona akioga anamsahihisha nabii, na mabinti walio darasani wanamsikia.

Watoto watauliza pia kwa nini Nathani hakukatwa kichwa. Swali zuri, na Butiama ndipo pa kulijibu. Pale amezikwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito, mtoto wa mke wa tano kati ya 22, na serikali ya mtoto huyo ndiyo iliyofuta utawala wa machifu mwaka 1963. Kwa hiyo mtoto wa Kizanaki ana habari ya uchifu kutoka kwa babu na habari ya urais kutoka shuleni, na swali la nani amwambie mkubwa kwamba amekosa si geni nyumbani kwao. Mwambie: kwa majirani wengi wa Israeli neno la mfalme ndilo lilikuwa sheria. Kwa Daudi, sheria ilikuwa juu ya mfalme, na mtu asiye na jeshi aliweza kuingia, kuisema, na kutoka akiwa hai. Daudi hakumwita mlinzi. Alikiri kwamba amekosa. Uria hakufufuka, na nyumba ya Daudi haikutulia tena; hayo nayo yasemwe.

Mkiigiza, mwalimu awe mfalme. Mchagueni mtoto mdogo kabisa awe Nathani, asimame na kunyoosha kidole, na mwalimu aseme kwa sauti, "Nimekosa." Wengi hawajawahi kumsikia mtu mzima akilisema neno hilo kwa mtoto.

Na ukiona bado wana hamu, wapeleke 1 Nyakati 3, kwenye orodha ya wana wa Daudi waliozaliwa Yerusalemu. Wanne ni wa Bathsheba. Wa nne kutajwa ni Sulemani, anajulikana. Wa tatu anaitwa Nathani. Biblia haisemi alipewa jina hilo kwa ajili ya nani. Waulize watoto wa Mara, ambao kila mmoja anajua alirithi jina la nani na kwa nini, wakwambie wao.